Matairi ya Njia Mbaya kwenye Gari la Kila Siku: Kuyachagua, Kuyatunza na Kujua Yamekwisha Lini

Anayefunga matairi ya njia mbaya kwenye gari analoendea kazini huingia mapatano ambayo mara nyingi hakuyasoma vizuri. Anapata kashata nene zinazouma udongo, ubavu mgumu usiochanika kirahisi na gari lenye sura ya kishujaa. Kwa upande wa pili anakubali kelele, uzito, mafuta yanayokwisha haraka zaidi na breki zinazochelewa kushika kwenye lami iliyolowa. Hayo yote yanavumilika. Kinachouma ni kuona seti iliyotarajiwa kufika kilomita 80,000 ikiisha kwenye 35,000, kisha ukiinama kuikagua unakuta mpira umeliwa kwa mpangilio unaoonyesha wazi kwamba hakuna jiwe wala tope lililohusika, bali lami, upepo usiopimwa na uvivu wa kuhamisha magurudumu.

Maisha ya tairi la njia mbaya huamuliwa kwenye lami, kwa sababu huko ndiko gari la kila siku linakomaliza kilomita zake nyingi. Tena tairi hili hufa mara mbili: kwanza hufa kwa kazi uliyolinunulia, yaani tope, mchanga na mawe, na baadaye sana hufa kwa lami, kina chake kikikaribia kipimo cha sheria. Asiyetofautisha vifo hivyo viwili ama hulitupa tairi mapema, ama huingia nalo matopeni siku ambayo limebaki na sura tu.

Kabla ya kuanza, tukubaliane maneno. Kashata ni vile vipande vya mpira vinavyogusa ardhi. Mifereji ni nafasi zilizo kati ya kashata. Mikato ni nyufa nyembamba zilizochongwa makusudi juu ya kashata, mfano wa alama za wembe. Bega ni ukingo ambapo sehemu inayokanyaga inapinda kuelekea pembeni, na ubavu ni ukuta wenyewe wenye maandishi.

Hatua ya kwanza: ziandike njia zako kabla ya kutazama tairi lolote

Wengi huchagua kwa macho. Tairi lenye kashata kubwa linapendeza dukani, na mnunuzi hukumbuka ile safari moja aliyokwama badala ya zile mia tatu alizokwenda na kurudi kwenye lami. Kwa wiki mbili andika jioni kilomita ulizotembea na aina ya njia: lami, changarawe, udongo mkavu, tope au mchanga. Mwisho wa wiki hizo utakuwa na picha ya kweli, nayo mara nyingi humshangaza mwenye gari.

Matairi yenyewe yamegawanyika katika makundi ambayo alama zake zimezoeleka. H/T ni ya barabara kuu, yenye kashata zilizobanana na mifereji myembamba. A/T ni ya ardhi zote, yenye mifereji mipana zaidi na kashata zilizoshikana kiasi. M/T ni ya matope, yenye kashata chache, kubwa, zilizoachana sana ili tope liweze kutoka gurudumu linapozunguka. Kati ya A/T na M/T limejitokeza kundi la R/T, ambalo bega lake linafanana na M/T huku katikati pakikaribia A/T.

Hapa ndipo penye kosa linalogharimu kuliko yote. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha mifereji cha takribani milimita 8, A/T nyingi huwa na kati ya 10 na 13, na M/T huweza kufika 14 hadi 16. Mtu akiona namba hizo huhitimisha kwamba M/T itadumu mara mbili, kwa kuwa ina mpira mwingi wa kuliwa. Mambo huenda kinyume. Kashata za M/T ni chache, kwa hiyo uzito uleule wa gari unabebwa na eneo dogo la mpira. Tena ni ndefu, kwa hiyo kila unapofunga breki au kukata kona zinapinda kama vidole, na zinaponyanyuka kutoka ardhini hujikwangua zikirudi mahali pake. Kupinda huko ndiko kunakozila, na ndiko kunakoleta joto na ule mvumo unaosikika ndani ya gari. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa kwa A/T dhamana ya kati ya maili 50,000 na 65,000, yaani takribani kilomita 80,000 hadi 105,000, ilhali M/T nyingi huuzwa bila dhamana yoyote ya kilomita.

Kwa maoni yangu, gari ambalo robo tatu au zaidi ya kilomita zake ni lami halina sababu ya kuvaa M/T, hata kama hiyo robo iliyobaki ina tope la kweli. A/T nzuri iliyopunguzwa upepo kwa busara italitoa karibu kila mahali, na siku zote nyingine itafunga breki vizuri zaidi. M/T inamfaa mwenye tope la kila wiki, si la kila mwaka.

Hatua ya pili: soma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa tairi lililoandikwa LT265/70R17 121/118S. Herufi LT zinaonyesha kwamba limejengwa kwa magari ya mizigo myepesi. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni muundo wa nyuzi. Na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 121 ni kielezo cha mzigo, nayo inamaanisha kilo 1,450 kwa tairi moja likiwa peke yake, wakati 118 inamaanisha kilo 1,320 kwa kila tairi pale yanapofungwa mawili mawili. S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Matairi mengi ya matope huwa na Q, ambayo ni 160.

Tazama pia herufi ya uwezo wa mzigo: C, D au E. Kadiri herufi inavyosonga mbele ndivyo tairi linavyokuwa gumu, zito na lenye kuhitaji upepo mwingi. Gari la familia lisilobeba mizigo mizito halipati faida yoyote kwa kufungwa E. Linachopata ni kurushwa kwenye kila tuta na tairi lisiloweza kulala vizuri juu ya lami, hivyo kuliwa katikati.

Kwenye baadhi ya matairi utakuta neno TREADWEAR likifuatiwa na namba. Hiyo ni alama ya upimaji wa Marekani inayolinganisha kasi ya kulika na tairi la marejeo lililopewa 100, kwa hiyo tairi lenye 500 lilitarajiwa kwenye jaribio kulika polepole mara tano. Mfumo huo uliwekwa kwa matairi ya magari ya abiria, ndiyo sababu mengi ya LT hayana namba hiyo. Kukosekana kwake si kasoro.

Mwisho, tafuta namba nne zinazofunga mfululizo wa herufi za DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na tairi la njia mbaya ambalo gari lake halitembei sana linaweza kukauka na kupasuka kabla kashata hazijaisha. Michelin hushauri matairi yaliyotimiza miaka 5 ya matumizi yakaguliwe na fundi kila mwaka, na kwamba yote yaondolewe yakifikisha miaka 10 tangu yatengenezwe, hata kama kwa macho yanaonekana mazima.

Hatua ya tatu: usiongeze ukubwa bila kupiga hesabu

Kipenyo cha tairi hupatikana kwa kuzidisha inchi za rimu kwa 25.4, kisha kujumlisha ubavu mara mbili. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takribani milimita 776, na la 265/70R17 lina 803. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni asilimia 3.4: mshale wa mwendo ukionyesha 100, gari linatembea 103.4 kwa kipimo kilekile cha mwanzo, na kila kilomita 10,000 zinazohesabiwa kwenye dashibodi ni 10,340 barabarani. Ukiweka kumbukumbu za kulika kwa tairi bila kurekebisha jambo hili, utalilaumu tairi kwa kilomita ambazo kweli lilizitembea. Tairi kubwa pia huongeza uzito mbali na kitovu cha gurudumu, injini na breki zikalazimika kufanya kazi zaidi, na likigusa bodi au fremu usukani unapokatwa hadi mwisho, bega lake litaliwa na chuma.

Hatua ya nne: funga vizuri, kisha lipe tairi siku zake za mwanzo

Balansi ya tairi zito ni kazi ya uangalifu zaidi kuliko ya tairi la gari dogo, na fundi asikimbizwe. Ikiwa gari limenyanyuliwa au springi zimebadilishwa, alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, ifanywe baada ya kazi hiyo, si kabla. Katika kilomita 800 za mwanzo endesha kwa upole: uso wa tairi jipya hubaki na mabaki ya vilainishi vya kiwandani, na kashata ndefu ambazo hazijakaa sawa huteleza na kupinda zaidi. Pima kina cha mifereji siku hiyohiyo ya kufunga na uandike pamoja na kilomita za dashibodi. Usipoandika leo, hesabu zote za baadaye zitakuwa za kubahatisha.

Hatua ya tano: upepo

Hakuna jambo lenye nguvu zaidi juu ya maisha ya tairi, na hakuna linalofanywa kwa uzembe zaidi. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, maana yake kabla gari halijatembea au baada ya kupumzika kwa saa tatu. Kila joto la hewa linapobadilika kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo hubadilika kwa takribani psi 1 (psi ni kipimo cha upepo kinachoonyeshwa na geji), kwa hiyo kipimo cha asubuhi ya baridi na cha alasiri ya jua kali havilingani hata kama hakuna kilichovuja.

Anza na kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi inahusu mzigo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kubeba, nayo haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Anayejaza kwa namba hiyo hupata tairi gumu linaloliwa katikati. Lakini kuna mtego wa upande wa pili. Kibandiko kiliandikwa kwa aina ya tairi iliyotoka kiwandani, na ukihama kutoka tairi la abiria kwenda LT la ukubwa uleule, LT huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo uleule. Kiasi gani, hilo hutazamwa kwenye jedwali la mizigo la mtengenezaji wa tairi, na namba inayotoka hapo ndiyo sakafu: usishuke chini yake barabarani.

Ukishapata sakafu hiyo, jaribio la chaki litakusaidia kupata kiwango kinachofaa zaidi kwa gari lako. Tafuta lami iliyonyooka, tambarare na kavu. Chora kwa chaki mstari mnene unaokatiza tairi kutoka bega moja hadi jingine, mahali pawili au patatu, kisha endesha polepole mbele mita hamsini hivi bila kukata usukani. Shuka uangalie. Ikiwa chaki imefutika katikati huku mabegani ikibaki nyeupe, upepo ni mwingi. Punguza psi 2 na urudie. Ikiwa imefutika mabegani na kubaki katikati, upepo ni mdogo. Ikifutika kwa usawa kote, andika namba hiyo kwenye kipande cha utepe na ukibandike ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Tairi za mbele na za nyuma huenda zikataka namba tofauti, kwa kuwa injini iko mbele na nyuma huenda hakuna kitu. Jaribio lifanyike gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na siku ya kusafiri umepakia hadi juu, ongeza kulingana na jedwali.

Pima kila wiki mbili kwa geji yako mwenyewe. Geji za vituo vya mafuta hudondoshwa, hukanyagwa na kuburuzwa siku nzima, na mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana psi kadhaa. Geji yako, hata kama ina kosa dogo, huwa na kosa lilelile kila siku.

Hatua ya sita: hamisha magurudumu kwa ratiba, si kwa kukumbuka

Magurudumu ya mbele hukata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Ya nyuma, kwenye magari mengi ya foo-wili, ndiyo yanayosukuma. Kwa hiyo yanaliwa kwa namna tofauti. Kashata ndefu huongeza tatizo la pekee: ukingo mmoja wa kashata hushuka huku mwingine ukibaki juu, tairi likawa na meno kama ya msumeno. Pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kirudishe nyuma. Upande mmoja kitateleza, upande mwingine kitakwaruzwa. Meno hayo yakishakomaa, tairi huvuma kama beringi mbovu, na mafundi wengi wameshabadilisha beringi nzima kwa sababu ya kelele iliyotoka kwenye tairi. Mimi mwenyewe niliwahi kuchelewesha kuhamisha seti ya M/T hadi kilomita 14,000; niliyahamisha, lakini mvumo haukuisha mpaka matairi yalipokwisha.

Ratiba ninayoipendekeza ni kilomita 8,000 kwa A/T na 5,000 kwa M/T. Kwa gari la kusukuma nyuma au la foo-wili, ya nyuma huja mbele moja kwa moja upande uleule, na ya mbele huenda nyuma kwa kupishana: la kulia huenda kushoto, la kushoto huenda kulia. Kupishana huko hubadilisha mwelekeo wa kuzunguka, na ndiko kunakosawazisha meno ya msumeno. Matairi yenye mshale wa mwelekeo hayapishanishwi; hubadilishana mbele na nyuma upande mmoja tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuyaepuka kwenye gari la kila siku.

Ikiwa spea ni tairi la ukubwa na aina ileile, liingize kwenye mzunguko: spea huenda nyuma kulia, na la mbele kushoto, ambalo lingekwenda hapo, huenda kuwa spea. Kwa njia hiyo kila tairi hufanya kazi kwa sehemu nne kati ya tano za safari, seti ikaongezewa robo ya maisha yake, na siku ya pancha unafunga tairi lenye kipenyo sawa na mengine. Jambo hilo la mwisho lina uzito kwenye magari yanayosukuma magurudumu yote manne muda wote, kwa sababu tairi moja nene kuliko mengine hulazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika.

Kila unapohamisha, ng'oa mawe yaliyojibana kwenye mifereji kwa bisibisi butu, maana jiwe lililoachwa huchimba kuelekea chini hadi kwenye nyuzi. Osha pia upande wa ndani wa rimu. Tope lililokauka humo huvuruga balansi, na mtetemo wake kwenye usukani huwafanya watu waende kwa fundi bila sababu.

Hatua ya saba: pima kina na usome namba

Geji ya kina ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni. Kila tairi lipime mahali patatu kwa upana, yaani ndani, katikati na nje, ukiepuka vile vinundu vya chini ya mfereji vinavyoonyesha kikomo cha milimita 1.6. Rudia sehemu tatu za mzunguko, ili upate namba tisa kwa kila tairi. Inachukua dakika kumi kwa gari zima.

Tuseme tairi la mbele kushoto limesoma ndani 7.2, katikati 8.4, nje 7.1. Mabega yote mawili yameliwa: upepo ulikuwa mdogo kwa muda mrefu. La mbele kulia limesoma ndani 8.5, katikati 8.2, nje 6.4. Hapo upepo hauna kosa kubwa. Bega la nje ndilo linalokwanguliwa, na jambo la kwanza kushuku ni alaimenti, ingawa kona nyingi za mjini nazo hula mabega ya nje ya mbele. Namba zinazopanda na kushuka kadiri unavyolizunguka tairi, kana kwamba limechotwa kwa kijiko hapa na pale, zinaelekeza kwenye shokapu zilizochoka au balansi mbovu. Tibu chanzo kwanza. Kuhamisha tairi bila kurekebisha alaimenti ni kuliingiza tairi zima kwenye mashine iliyoharibu la kwanza.

Namba hizohizo zinakuwezesha kukadiria maisha yaliyobaki. Tairi lililoanza na milimita 12.0 na kusoma 10.2 baada ya kilomita 15,000 limepoteza 1.8, sawa na 0.12 kwa kila kilomita 1,000. Ukikusudia kuliondoa kwenye milimita 3, limebakiza 7.2 za kuliwa, yaani kilomita 60,000 nyingine, na jumla yake ni 75,000. Lakini ukitaka liwe na uwezo wa njia mbaya, kwa maana ya kuliondoa kwenye kazi hiyo likifika milimita 5, umebakiwa na kilomita 43,000 hivi. Hivyo ndivyo vifo viwili nilivyovitaja, na kati yake kuna zaidi ya kilomita 16,000 ambazo tairi ni la barabarani tu. Usikate tamaa ikiwa kipimo cha kwanza kitaonyesha kulika kwa kasi: kashata zikiwa ndefu hupinda zaidi na huisha haraka, kisha kasi hupungua zinapofupika na kuwa imara.

Hatua ya nane: njia mbaya, kisha lami

Kupunguza upepo huongeza eneo linalogusa ardhi na kulifanya tairi likumbatie mawe badala ya kuyapiga ngumi. Kwenye mchanga laini wengi hushuka hadi psi 15 au 18. Kwenye changarawe ya kawaida, kupunguza robo ya upepo na kupunguza mwendo huokoa kashata zisimeguke, kwa sababu vipande vinavyotoka kwenye kashata hutokana hasa na tairi gumu linalozungushwa kwa nguvu juu ya mawe makali. Kompresa ndogo iwe ndani ya gari siku zote. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo: tairi lenye upepo mdogo kwenye kasi hupinda mara mia kadhaa kwa dakika, hujenga joto, na joto hilo huachanisha matabaka ya ndani bila kuonyesha dalili kwa nje.

Ondoa pia gia ya foo-wili mara ukanyagapo lami, ikiwa gari lako ni la mfumo wa kuwasha na kuzima. Mbele na nyuma zikiwa zimefungwa pamoja, kila kona hulazimisha magurudumu kuteleza ili yalingane, na kinacholipa ni kashata na difu. Kuhusu udereva wa kawaida sina mengi: kuondoka kwa kishindo, kona za kasi na breki za ghafla hula tairi lolote, na lenye kashata ndefu zaidi.

Hatua ya tisa: mvua, na siku ya kuyaondoa

M/T mpya ina mifereji mipana inayomeza maji mengi, kwa hiyo haielei upesi. Hilo huwapa watu matumaini ya uongo, kwani kuelea juu ya maji na kushika lami yenye maji ni mambo mawili. Kushika hutegemea eneo la mpira, ulaini wake na wingi wa mikato inayokata utando wa maji, na M/T ina upungufu katika yote matatu. Acha nafasi kubwa mbele yako kuliko uliyozoea, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani.

A/T ina mikato, lakini chungulia imefika wapi. Kwenye baadhi ya matairi mikato huishia nusu ya kina cha kashata, na tairi likifika hapo uso wake unakuwa bapa. Mifereji bado inaonekana mirefu, ilhali breki za mvua zimekwishabadilika. Anayeendesha kwenye theluji azingatie kwamba alama ya M+S (tope na theluji) inaeleza umbo la mifereji tu, ilhali ile ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji hutolewa kwa tairi lililofaulu jaribio.

Kwa hiyo weka mipaka yako. M/T ikishapoteza nusu ya kina, tope huanza kuganda kwenye mifereji na halitoki. A/T ikifika milimita 5, ihesabu kuwa tairi la barabara. Kwenye milimita 4 punguza mwendo wa mvua, na kwenye 3 tafuta seti nyingine, ingawa nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6. Tairi jembamba pia hutobolewa kirahisi na mwiba au jiwe. Pancha ya katikati isiyozidi milimita 6 huzibwa kwa kiraka cha ndani. Ya begani au ubavuni haizibwi, hata fundi akikuhakikishia.

Ukibadilisha, badilisha yote manne pamoja kwenye gari linalosukuma magurudumu yote muda wote. Katika yale ya zamani, lile lenye kina kikubwa na ubavu mzima linaweza kuwa spea ya muda, likitumika kwa umbali mfupi na mwendo mdogo. Baada ya kufunga seti mpya, tembea kilomita 80 hadi 100, kisha kaza nati zote upya kwa spana ya kipimo, gari likiwa limesimama chini na rimu zimepoa.